Darubini ya Hatua Kumi na Tano

Dolni Gabar, 12 Agosti 2013

Stamena mwanangu,

Nakuandikia kwa sababu simu hainifai tena. Nasikia mvumo tu, kama nyigu ndani ya chupa, na anayenipigia huishia kukasirika. Karatasi haikasiriki.

Wiki iliyopita daktari alinipima moyo akaniambia, "Mwalimu, usipange mambo ya baada ya theluji." Nilimshukuru. Maisha yangu yote niliwaambia wanafunzi wapime kwanza ndipo waseme, naye alipima kwanza.

Basi nina haja mbili kwako. Moja ni nzito. Inamhusu marehemu baba yako, Ilko, na siku ile ya Novemba 1988 Rusko mchungaji alipopigwa risasi ya paja mawindoni. Kuna neno ambalo halijasemwa, na ni mimi wa kulisema, tena kabla sijafa. Nimelianza mara nne kwenye karatasi kama hii, na mara nne nimeichana. Kwa hiyo naanza na haja nyepesi, labda itaivuta nzito.

Nataka darubini ya bunduki. Iwe ya bei nafuu, pensheni ya mwalimu unaijua. Iwe ya kupigia karibu sana, kichakani, hatua kumi na tano. Wewe ndiye mwenye duka, nichagulie.

Mwalimu wako,
Zahari Bakardzhiev


Yambol, 19 Agosti 2013

Mwalimu wangu mpendwa,

Barua yako nilimsomea Kosta wakati wa chakula, akaacha kijiko hewani. "Hatua kumi na tano?" akasema. "Hapo si bora amrushie kiatu?"

Unamjua mume wangu, hana adabu. Lakini swali lake ni langu pia. Bunduki yako uliirudisha polisi miaka sita iliyopita, na mimi ndiye niliyekupeleka kwa gari. Sasa darubini utaifunga kwenye nini, Mwalimu? Kwenye mkongojo?

Haya, mteja ni mteja. Watu huingia hapa wakitaka kubwa: ya kukuza mara kumi na mbili, mara kumi na sita, bomba refu kama mkono wangu. Nawauliza, unawinda wapi? Kichakani, nguruwe mwitu, waswagaji wanapiga kelele na kuwaswaga waje kituoni kwangu. Basi hilo bomba nenda nalo kanisani ukahesabu buibui wa dari! Kwa karibu namna hiyo unataka namba ndogo, ile inayoanzia mara moja, yaani haikuzi kitu. Unafumbua macho yote mawili, na msalaba wa kulengea unaelea juu ya dunia kama Mungu alivyoiumba. Ninayo ya Kichina, mara moja hadi mara nne, leva mia moja na sitini. Kioo chake si cha Mjerumani, magharibi kinatia ukungu pembeni, lakini msalaba unakaa ulipowekwa. Zipo pia za leva sabini. Hizo, risasi ya ishirini msalaba umeshahama nyumba. Wewe sikuuzii.

Na hilo neno kuhusu baba, Mwalimu, umenitoa machozi. Nilidhani sitathubutu kukuomba. Unajua chama cha wawindaji wa Gabar kinapiga kura Jumapili ya tarehe 29 Septemba. Nimeomba kuingia mara mbili tangu niezeke upya nyumba ya baba, na mara mbili Rusko, sasa akiwa mwenyekiti, amewaambia, "Damu ya Ilko haisimami kituoni," yaani binti wa aliyempiga hasimami na bunduki mawindoni. Safari hii ni ya mwisho, kanuni zao haziruhusu ya nne. Wewe ndiye mkubwa wao wote. Ukisema neno moja jema la baba, hata Rusko atafunga mdomo.

Wako,
Stamena


Dolni Gabar, 26 Agosti 2013

Stamena mwanangu,

Hukunielewa, na kosa ni langu. Tuliache hilo kwa wiki moja tu.

Kuhusu darubini, maelezo ya dukani hayanitoshi. Nipimie. Kosta avae koti la kahawia, asimame hatua kumi na tano kutoka kwako, ajikunje kidogo kama mtu aliye kichakani. Mtazame kwa hiyo ya Kichina ukiwa umeiweka mara moja. Halafu tafuta ya zamani ya mara sita, isiyobadilika, umtazame tena. Niandikie umeona nini, mstari kwa mstari, kama tulivyokuwa tukifanya maabara. Usiandike unachojua kipo. Andika unachokiona.

Kadiri kioo kinavyokuza, ndivyo kinavyofinya dirisha. Sheria hii niliwafundisha darasa la saba, nikiijua kwa chaki tu.

Umeniuliza nitaifunga kwenye nini. Sitaifunga popote. Nataka kutazama.

Zahari


Yambol, 2 Septemba 2013

Mwalimu wangu,

Matokeo ya maabara. Mahali: uani kwetu. Kielelezo: Kosta, kilo tisini na nane, analalamika.

Kwa mara moja: naona Kosta mzima, kofia hadi viatu. Naona ua upande wa kushoto na pipa upande wa kulia. Naona ananitolea ulimi.

Kwa mara sita: naona kahawia. Basi. Duara zima limejaa koti, kutoka chini ya ukosi hadi kwenye mkanda, tena limefifia, maana vioo vile vimetengenezwa kwa umbali wa mita mia. Alipojikunja sikujua tena kama natazama bega au goti. Kama nisingejua ni mume wangu, ningeweza kusema ni gunia, ni mbwa, ni ng'ombe.

Nilipofika hapo niliishusha ile darubini nikakaa kwenye ngazi, kwa sababu nimekuelewa. Darubini ya bunduki ya kazi ya baba, aliyopewa na idara ya misitu, ilikuwa ya mara sita. Unataka kuwaonyesha kwamba mtu yeyote angekosea pale. Kwamba ni kioo. Ah, Mwalimu! Miaka ishirini na mitano, na bado unamtetea, ingawa yeye alikusingizia vibaya.

Nikuambie jambo ambalo sijawahi kukushukuru. Wiki ile nilikufuata koridoni shuleni, nina miaka kumi na mitatu, nikakuuliza kama ni kweli asemavyo baba, kwamba bunduki ulikuwa nayo wewe. Uliniinamia ukasema, "Baba yako amechanganyikiwa kwa huzuni. Mpende hivyo hivyo." Nikampenda hivyo hivyo. Mpaka kitandani mwake mwaka 2001 alinishika mkono akasema, "Sikuwa mimi, Stamena." Nikamjibu, "Sawa, baba," kama mtu anavyomjibu mwenye homa.

Darubini nitampa dereva wa basi la Alhamisi. Usinilipe.

Stamena


Dolni Gabar, 9 Septemba 2013

Dada Stamena,

Mimi si mtu wa barua. Naandika kwa sababu mke wangu kasema nikikupigia simu nitakutukana.

Jumamosi Mwalimu kaja kwangu na mkongojo, na lile bomba lako mfukoni. Sisi tunachoma pilipili za kutia chupani kwa majira ya baridi, moshi uani kote. Nikamwambia karibu ukae, Mwalimu, onja rakia, pombe yetu ya matunda. Hakukaa, hakuonja. "Rusko, koti la manyoya unalo?" Jua linachoma vichwa! Ninalo, nikasema. "Livae. Manyoya nje."

Unajua sisi wachungaji, mvua ikinyesha tunaligeuza koti, manyoya nje, maji yateleze. Siku ile nililivaa hivyo, na kwenda hivyo kati ya nguruwe na bunduki ni ujinga, kila mtu kaniambia. Lakini nilikuwa na miaka ishirini na minne na mvua ilikuwa inanyesha. Basi nikalivaa, kwa heshima, maana alinifundisha kusoma saa. Kahesabu hatua kumi na tano, kaegemea mplamu, kanitazama kwa bomba. Mke wangu anacheka mpaka pilipili zinaungua. Mara mzee anasema, "Nakuona mzima, Rusko. Nauona hata uso." Halafu kalia. Mwalimu Zahari! Sikujua niweke wapi mikono.

Mnamuuzia nini huyu mzee? Ana akili timamu kweli? Mzuieni.

Na kwa kuwa nimeshika kalamu: kura yangu bado ni hapana. Si kwa ajili ya mguu. Mguu nimeuzoea. Nilikuwa kwenye mstari na waswagaji wenzangu, wima, napiga kelele, na aliyenipiga alikuwa na masikio. Lakini binadamu hukosea. Ila baba yako hakuniomba radhi hata siku moja. Kamrushia Mwalimu lawama. Wewe simama mbele ya chama, omba radhi kwa jina lake, na mimi nitakuwa wa kwanza kuinua mkono. Zaidi ya hapo sina.

Rusko Tenev


Yambol, 13 Septemba 2013

Mwalimu,

Sielewi tena. Rusko ameniandikia ya uani kwake. Nimesoma mara tatu na kila mara naogopa kitu kingine. Kwanza niliogopa umepata bunduki mahali na unataka kujidhuru. Nijibu hilo kwa neno moja, tafadhali, ndiyo au hapana. Halafu nikaogopa kichwa kimeanza kukutoroka. Halafu nikaogopa una mpango wa kusimama kwenye mkutano na kuwapa somo la lenzi.

Usifanye hivyo. Nakuomba kama binti yako. Rusko amenionyesha mlango: nikiomba radhi kwa niaba ya baba, napita. Kosta anasema nisifanye, anasema mtu haombi radhi za marehemu kwa mkopo. Lakini mimi nataka kusimama pale aliposimama yeye. Sina la zaidi. Nimeshaandika maneno: "Baba yangu Ilko Kehayov alifyatua bila kuona, na alimsingizia mtu mwema. Namwombea radhi kwa yote mawili." Nitayasema tarehe 29. Wewe njoo, kaa mbele, na unyamaze tu. Kunyamaza kwako kutanisaidia kuliko neno lolote.

Stamena


Dolni Gabar, 17 Septemba 2013

Stamena,

Hapana. Sijidhuru. Hilo ni jibu la swali lako.

Na hayo maneno uliyoyaandika, yachane. Mtu aliyefyatua bila kuona ni mimi. Aliyemsingizia mtu mwema ni mimi.

Sasa nimeshayaandika na mkono haujakatika, kwa hiyo naendelea.

Ilikuwa Jumapili, tarehe 20 Novemba. Mwenyekiti wa wakati ule alitupanga, mimi na Ilko vituo jirani, hatua arobaini kati yetu, mbele yetu kichaka cha mwaloni mchanga. Baba yako alikuwa na bunduki ya idara, yenye ile darubini. Mimi nilikuwa na yangu ya mitutu miwili. Mwaka mzima niliitamani yake. Si bunduki, kioo. Kabla waswagaji hawajaanza nikaenda kwake. Nikasema nipe nisimame nayo zamu hii moja. Kanuni ya kwanza ya chama ni kwamba bunduki haitoki mkononi mwa mwenyewe. Akasema, "Mwalimu, hii si ya hapa. Mimi mwenyewe kichakani natazama juu yake. Karibu namna hii inakuonyesha manyoya na kukuficha mnyama." Nikamjibu, "Usinifundishe mimi optiki, Ilko, lenzi ni somo langu." Hakukasirika. Akanipa, akachukua yangu, akaenda kusimama kwenye kituo changu ili mstari usibaki wazi.

Niliona manyoya ya kahawia. Yalijaza duara zima, chini chini, kimo cha nguruwe. Kioo hakikunionyesha mnyama. Nilimmalizia mwenyewe kichwani, na pua yake, na meno yake. Nikafyatua. Kilichofuata ilikuwa sauti ya mtu.

Ilko alitupa bunduki yangu chini akakimbia akanipita, akaingia kichakani. Na mimi, mwalimu wa fizikia, mtu aliyekuwa akitoa hotuba za maadili kila Septemba, niliiegemeza bunduki yake kwenye mti wake, nikarudi kituoni kwangu, nikaokota yangu. Hatua arobaini. Hakuna aliyenisukuma. Walipofika walimkuta Ilko amepiga magoti na damu mikononi, bunduki yake ya moto kituoni kwake, na mimi nimesimama kwangu na bunduki baridi. Mwenyekiti akauliza, "Nani kafyatua?" Ilko akanitazama. Alinisubiri. Nakuambia, Stamena, alinipa muda. Nami nikatazama viatu vyangu.

Mengine unayajua. Mahakamani alisema kweli, na mimi nikasema amechanganyikiwa. Waliniamini mimi, kwa kuwa niliwafundisha wote kuhesabu. Akafukuzwa misituni, akafutwa chamani, mkahamia Yambol, akatengeneza mizani za watu mpaka alipokufa. Kila vuli niliwaletea asali na ulidhani ni wema.

Darubini nilikuomba kwa sababu nilitaka hatia iwe ya kichaka na koti, si yangu. Nilijiambia, nikipata iliyo sahihi, nikimtazama Rusko katika koti lile kwa hatua zile, na bado nisimwone, basi nitakufa na nusu ya mzigo. Nilimwona mzima. Na kile kioo cha mara sita nacho hakina kosa. Ilko alinionya kwa maneno mepesi kuliko ya kitabu chochote, nami nilikuwa na aibu kufundishwa na mlinzi wa msitu.

Kuna jambo moja la siku ile nimeliacha nje ya barua hii. Nililiona, lakini si siri yangu.

Rusko nimemwandikia haya haya. Darubini ni yako.

Zahari Bakardzhiev


Dolni Gabar, 20 Septemba 2013

Mwalimu,

Barua yako nimeisoma, mke wangu kaisoma, kisha nimeitia jikoni ikaungua, ili mtu asiione akakucheka.

Umechanganyikiwa, Mwalimu wetu. Si aibu, ni umri. Babu yangu mwishoni alidhani yeye ndiye aliyejenga reli. Sisi sote tunajua unampenda huyo binti, huna mtoto, na unataka abebewe mzigo wa baba yake. Ni tendo zuri. Lakini mimi siwezi kumwinua Ilko kwa kukuangusha wewe. Mtu aliyenifundisha kusoma saa hakimbii na kuniacha kwenye damu. Hilo haliingii kichwani mwangu na silitaki liingie.

Jumapili usije, kutakuwa na baridi ukumbini. Mke wangu atakuletea supu ya maharage.

Rusko


Yambol, 21 Septemba 2013

Bwana Bakardzhiev,

Nimesoma.

Rusko naye amenipigia simu. Anasema umechanganyikiwa, nikupende hivyo hivyo. Maneno yale yale! Hajui aliyatoa wapi. Nilitaka kucheka, nikashindwa, nikafunga duka saa nne asubuhi.

Mimi nakuamini. Ndilo linalonitesa. Nimekuamini mara moja, kwa karatasi moja, na yeye aliniambia miaka kumi na mitatu kwa mdomo wake na sikumwamini. Sijui nani wa kumkasirikia kwanza. Kila nikianza na wewe naishia kwangu.

Radhi sitaomba. Nitakwenda Jumapili, nitasema "baba yangu alisema kweli," watanikataa, na itakuwa mara ya tatu na ya mwisho. Sawa.

Usiniandikie "mwanangu."

S. Kehayova


Dolni Gabar, 24 Septemba 2013

Rusko,

Asante kwa supu. Sasa nisikilize, na barua hii ichome ukipenda, ukishaisoma peke yako.

Uliiambia mahakama kwamba ulikuwa kwenye mstari, wima, unapiga kelele. Hukuwa. Ulikuwa umeuacha mstari na umechuchumaa kichakani, kimya, kama kila mtu anavyochuchumaa akibanwa. Ndiyo maana nilikuona chini, na sikusikia kitu. Baada ya mlio nilitazama tena kwa kioo, na safari hii uliinuka kidogo, na nikaona mkanda wako umetundikwa shingoni.

Kisha nikamwona Ilko amekufikia. Kabla hajafunga jeraha alikupandisha suruali, akautoa mkanda shingoni akaufunga kiunoni, haraka haraka, ili wenzako wasikukute vile. Mahakamani angesema tu mahali ulipokuwa, na hukumu yake ingepungua nusu. Hakusema. Na mimi sikumwambia Stamena.

Nani mwingine angeweza kukuona, Rusko, isipokuwa aliyekuwa nyuma ya kile kioo?

Zahari


Yambol, 30 Septemba 2013

Bwana Mwalimu,

Naona sijui nikuiteje. Soma hivyo hivyo.

Jana ukumbi ulijaa. Nilikuwa nimeshasimama, nina sentensi yangu moja mdomoni, Rusko akagonga meza. "Kaa, dada. Kuna mwenye zamu kabla yako." Nikadhani umekuja. Kumbe ni yeye mwenyewe. Alisimama na ule mguu, uso mwekundu kama nyama mbichi, akasema, "Siku ile sikuwa kwenye mstari. Nilikuwa nimechuchumaa."

Halafu kutoka nyuma mtu akasema, "Na tangu siku ile hukumaliza, Rusko?" Ukumbi ukalipuka. Wanaume wazima wanajifuta machozi, na yeye amesimama tu.

"Chekeni," akasema. "Mimi nilidanganya ili msicheke, na mtu akafukuzwa kazi. Mkanda wangu ulikuwa shingoni. Nilipozinduka hospitali ulikuwa kiunoni, umefungwa tundu la tatu. Mimi hufunga la tano. Miaka yote hii najiuliza nani alinifunga, na naogopa kuuliza, kwa sababu nikiuliza nitalazimika kusema. Ni Ilko. Aliniona, akanifunika, akaenda mahakamani akaninyamazia. Na aliyefyatua ni Mwalimu. Amesema mwenyewe, na ameniambia kitu ambacho nyuma ya kioo kile tu kingeonekana."

Hakuna aliyecheka tena. Wazee wengine walikataa kuinua vichwa. Jina la baba limerudishwa kwenye daftari, na kura nimepita. Baadaye Rusko alinijia mlangoni, akashika kofia, akasema, "Radhi ni yangu mimi kuomba, na wa kumwomba hayupo." Nikamwambia, "Tuko wawili."

Nilidhani nikitoka pale nitakuwa nimefurahi. Niliendesha gari mpaka njia panda nikasahau kwetu ni kushoto au kulia. Mtu niliyemheshimu kuliko wote ni wewe, na mtu niliyemhurumia kuliko wote ni baba, na kumbe nilivaa macho kinyume. Sijakusamehe. Sijui hata kama huko ndiko ninakoelekea. Lakini rafiki zake wote wamekufa, mama hakuwepo msituni, na sina mwingine wa kumuuliza.

Mimi nilimjua baba wa baada ya risasi, yule anayeinamia mizani na hataki kutazamwa. Yule wa kabla alifunikwa na huyu, nimemsahau. Ile nusu saa kabla, mlipokuwa mmesimama pamoja, alikuwaje? Nieleze kila kitu, na usinifichie kitu.

Stamena


Dolni Gabar, 3 Oktoba 2013

Stamena,

Uniwie radhi kwa mwandiko, naandika nikiwa nimelala.

Alikuwa amevaa kofia ya kijani iliyopasuka ukingo. Mvua ilimdondokea puani, naye aliipuliza badala ya kuifuta, kama farasi. Alikuwa na jibini na kitunguu kwenye gazeti, akanimegea kipande kikubwa kuliko chake. Aliniambia ametengeneza kitanda cha mbao kwa ajili yako, amekosea vipimo, hakipiti mlangoni, na mama yako hasemi naye tangu Ijumaa. Akacheka peke yake mpaka akajiziba mdomo kwa kofia, tusije tukasikika.

Umesema nisikufiche kitu. Nimekaa na sentensi hii siku mbili, nikitafuta haki ya kuiacha, na sina.

Nilipomwomba bunduki mara ya kwanza alikataa. Nilipomwambia asinifundishe optiki alitabasamu. Akasema, "Haya. Binti yangu anasema Mwalimu hakosei kamwe. Nikikunyima nitaulizwa nyumbani." Akanikabidhi kwa mikono miwili.

Alikuwa anacheka, Stamena. Alipokutaja alikuwa anacheka.

Zahari